Hazina kwenye mstari wa tano

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, askari wa Jeshi la Anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa akihudumu kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akiwa huko aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa ufukweni. Alizihifadhi miaka mingi bila kujua zimetoka wapi, na mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu wazitambue. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zilizotengenezwa Kilwa, kwenye pwani yetu ya kusini, enzi masultani wa Kilwa walipokuwa na fedha yao wenyewe. Kati ya Kilwa Kisiwani na ufukwe ule kuna zaidi ya kilomita 10,000 za bahari.

Watoto wakisimuliwa kisa hiki, wachache huuliza sarafu zile zina thamani gani. Wengi huuliza zilifikaje kule. Wanahistoria wenyewe wanabishana hadi leo, na kwa mtoto hilo ni jambo tamu ajabu: kumbe liko swali ambalo hata wakubwa hawajalimaliza! Basi atlasi inafunguliwa, vidole vinaanza kutembea juu ya Bahari ya Hindi, mmoja anataja upepo wa kaskazi na kusi, mwingine anauliza Waholanzi walikuwa wanatafuta nini huko. Hapo hakuna aliyewaambia kwamba wanasoma jiografia.

Mchezo ninaoueleza hapa ni msako wa hazina wa dunia nzima, unaochezwa barazani. Kwetu Tanga tunaucheza wakati wa likizo, watoto wa ndugu na wa majirani, wa darasa la tatu hadi la saba. Vifaa ni ramani ya dunia ya ukutani, atlasi hata kama imechakaa, uzi wa kushonea na vikaratasi. Kila kikaratasi kina kidokezo. Kidokezo kinaelekeza mahali fulani duniani, watoto wanapatafuta kwenye ramani, wanaweka kidole, kisha wanaeleza kwa nini ni hapo. Wakieleza vizuri wanaambiwa kikaratasi kinachofuata kimefichwa wapi: chini ya kinu, nyuma ya mtungi, kwenye tundu la ukuta. Mwisho wa njia kuna sanduku.

Sharti ni moja, nami silegezi hata kidogo: jina la mahali bila sababu halipokewi. Nalisisitiza kwa kuwa nimewaona watoto wengi mno wanaoweza kuimba miji mikuu ya dunia kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukimuuliza mmoja wao Mongolia iko baina ya nchi zipi anakuangalia tu. Anaijua Ulaanbaatar kwa sauti, hajui kwamba imebanwa kati ya Urusi na China, mbali kabisa na bahari, wala hajawahi kujiuliza watu wa huko wanaishije bila bandari. Amebebeshwa majina. Akipewa sababu, majina yatamfuata yenyewe.

Mahali pepesi pa kuanzia ni ndani ya nyumba. Waambie watoto walete vitu vitatu vyenye maandishi ya mahali, kisha kaa usikilize. Kijana mmoja wa darasa la nne alikuja na fulana aliyoivaa mwilini, ya mtumba. Lebo ya shingoni ilisema imeshonwa Bangladesh, akaweka kidole Bangladesh na kudhani kazi imekwisha. Wenzake wakamgeuza kifuani. Palikuwa na picha ya mchezaji ameshika gongo refu lililopinda, amevaa viatu vyenye vyuma chini, na jani jekundu la mti pembeni. Jani lile wakalikuta kwenye ukurasa wa bendera: Kanada. Kwa hiyo shati lilishonwa kwenye nchi ya joto na mafuriko, likavaliwa kwenye nchi ambako maji yanaganda mpaka watu wanacheza mpira juu yake, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari tena hadi Tanga. Uzi uliounganisha vituo vyote ulikuwa mrefu kuliko meza. Kijana yule aliutazama, akaitazama fulana yake, akasema, "Shangazi, hii imetembea kuliko Baba."

Jikoni kuna mengi zaidi. Ukiuliza karafuu zinatoka wapi, watoto wa Tanga watajibu Pemba, kwa maana Pemba iko ng'ambo tu, na wako sahihi. Lakini uliza mkarafuu wenyewe ulitoka wapi. Kwa karne nyingi mti huo uliota katika visiwa vya Maluku peke yake, huko Indonesia, Ternate na Tidore vikiwa ndivyo vinavyotajwa zaidi, na Waholanzi waliulinda usitoke. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche ikapelekwa Mauritius kwa siri, na kupitia visiwa vile vya Wafaransa mikarafuu ikaja kufika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mahindi yalitoka Mexico, mihogo Amerika ya Kusini, buni nyanda za juu za Ethiopia. Sahani moja ya chakula cha mchana inaweza kuwazungusha watoto mabara manne kabla hakijapoa.

Hata kitenge cha mama kina safari. Vile vya wax vinavyosifiwa kwa ubora vimekuwa vikitengenezwa Helmond, mji wa Uholanzi, tangu karne ya 19, kwa ufundi ulioiga batiki za Java.

Kuna mtego mmoja ninaouweka makusudi. Chini ya pakiti nyingi za dukani kuna mistari myeusi yenye namba. Tarakimu 620 mwanzoni ni za Tanzania, 616 Kenya, 890 India, na kuanzia 690 hadi 699 ni za China. Watoto wakishajua siri hiyo hukimbilia dukani kama wapelelezi. Ndipo wanapokutana na pakiti yenye 620 ambayo maandishi yake madogo yanasema bidhaa imetengenezwa kwingine kabisa. Tarakimu zile zinaonyesha namba ilikosajiliwa, na kampuni inaweza kusajili hapa ikatengeneza kule. Mtoto aliyenaswa na mtego huu mara moja hasahau kusoma maandishi madogo, na nadhani hilo litamfaa hadi uzeeni.

Msako ninaoupenda kuliko yote hata hivyo ni wa mstari wa tano. Tanga iko kwenye latitudo ya digrii tano kusini mwa Ikweta, imezidi kidogo tu. Nikawaza: tukifuata mstari huo huo bila kupanda kaskazini wala kushuka kusini, tutazunguka dunia yote na kurudi mlangoni kwetu kutokea baharini. Tunachora ramani uani kwa chokaa, kubwa ya kutosha mtoto kusimama juu ya nchi, na mstari wa tano tunautandika kwa kamba ya katani.

Kamba hiyo ndiyo inayobeba kidokezo cha kwanza. "Mimi ni mgeni Tanga ingawa mnanidhania mwenyeji. Asili yangu ni Yucatán. Tulianza safari Florida tukiwa elfu moja, tukapitia Hamburg, tuliofika hai ni 62." Watoto wanahangaika, wanataja watu, wanataja ng'ombe, mpaka mmoja anaitazama kamba iliyo miguuni pake. Ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake, mingi ikafa njiani, na kutokana na ile michache iliyosalimika yakazaliwa mashamba ambayo baadaye yaliiweka Tanganyika mbele ya nchi zote duniani kwa uzalishaji wa katani. Watoto hawa wamepita kando ya mashamba hayo tangu wanabebwa mgongoni.

Ukitoka Tanga kuelekea magharibi, kamba inapita Tabora, ambayo nayo iko kwenye digrii tano karibu sawasawa, kisha inagusa Ziwa Tanganyika jirani na Kigoma. Hapo kuna kidokezo ambacho watoto hukiomba kirudiwe: "Mimi ni meli, lakini nilipanda meli nyingine, kisha nikapanda treni." Ni Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Ilishushwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimeanza, na mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Swali la sababu hapa ni: kwa nini hawakuipeleka kwa maji moja kwa moja? Watoto wanatafuta mto. Wanaukuta Lukuga, unaotoka ziwani kuelekea Kongo, wanaufuata kwa kidole hadi Bahari ya Atlantiki na kushangilia, mpaka waonyeshwe maporomoko yaliyoziba njia karibu na mdomo wa Mto Kongo. Wanaelewa reli ilijengwa kwa nini bila ya kuhubiriwa. Kina cha ziwa tunakipima kwa uzi: mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi lenye mita 1,642. Kwa kipimo cha sentimita moja kwa kila mita kumi, uzi wa Tanganyika unakaribia mita moja na nusu, unampita urefu mtoto wa darasa la tatu. Kisha wanashika uzi wa minara na majengo wanayoyajua, wanaona ulivyo mfupi, na wanaanza kuliongelea ziwa hilo kwa heshima.

Kamba inavuka Kongo kupitia Kikwit, inagusa Cabinda ya Angola, inaingia Atlantiki, inatokea kaskazini mashariki mwa Brazili na kupita Teresina. Huko ndiko asili ya mkorosho. Wareno waliuleta mti huo pwani ya Afrika Mashariki, na leo mtoto wa Mtwara au Lindi akiambiwa korosho ni ya Brazili anakataa katakata. Tunaendelea, tunapita kusini mwa Amazoni, tunavuka milima ya Andes, tunashuka Piura, Peru.

Piura ndipo tunapokaa muda mrefu kuliko pote. Picha za atlasi zinaonyesha rangi ya kahawia, nchi kame, jangwa la Sechura likiwa jirani. Binti mmoja wa miaka kumi alisimama pale juu ya chokaa, akageuka kutazama upande tuliotoka. "Shangazi, sisi na hawa tuko mstari mmoja. Jua letu ni moja. Mbona sisi tuna minazi na wao wana mchanga?" Ningeweza kumjibu papo hapo. Nikamwachia swali, akalala nalo.

Jibu liko baharini. Kwenye pwani ya Peru unapita mkondo wa Humboldt, maji ya baridi yanayopanda kutoka kusini. Hewa iliyo juu ya maji baridi haipandi juu kirahisi ikafanya mawingu ya mvua, kwa hiyo pwani inabaki kavu huku samaki wakijaa, kwani maji hayo yana chakula tele. Pwani yetu inaoshwa na maji ya uvuguvugu, hewa inabeba unyevu, pepo zinauleta nchi kavu. Tulifanya jaribio dogo: bakuli mbili, moja ya maji ya moto na moja ya barafu, kila moja imefunikwa sahani ya kioo. Moja ilitoa jasho, nyingine ikakaa kavu. Binti yule aliipapasa sahani yenye jasho kwa kidole akasema, "Hii ni Tanga."

Kuna wakati ambapo maji ya uvuguvugu ya Pasifiki yanasogea hadi Peru, mkondo wa baridi unazidiwa, na Piura inafurika. Hali hiyo ndiyo El Nino, na wazazi wa watoto hawa wanalikumbuka jina hilo kwa mvua za mwaka 1997 hadi 1998, zilizobomoa madaraja na barabara Tanzania na Kenya. Miezi hiyo hiyo Piura nayo ilikuwa ndani ya maji. Watoto walikwenda kuwauliza wazazi na babu zao walikuwa wapi mvua zile ziliponyesha, wakarudi na visa vya mapaa yaliyoezuliwa na safari zilizokwama njiani siku kadhaa. Msako ulisimama mchana mzima kwa ajili hiyo, na nilifurahi usimame.

Baada ya Piura ni Pasifiki, upana wa kutisha, watoto wanahesabu hatua juu ya chokaa tupu. Kamba inapanda Papua New Guinea, inapita Makassar katika kisiwa cha Sulawesi, inaambaa Bahari ya Java. Makassar ni mji wa mabaharia. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 1907, wavuvi wake walikuwa wakivuka kwenda pwani ya kaskazini ya Australia kuokota jongoo bahari, ambao waliuzwa China. Kijana mmoja aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akaruka: "Si ndiko sarafu za Kilwa zilikookotwa?" Akajenga hoja yake yote: Wakilwa walifanya biashara na watu wa Bahari ya Hindi, sarafu zikapita mikono mingi hadi visiwa vya Indonesia walikokuwa Waholanzi, mvuvi akazibeba. Wenzake wakampinga, pengine ni jahazi la Kilwa lenyewe lililopotea. Mabishano yale yalifanana sana na yale ya wataalamu, na sikuyakatisha.

Kamba inarudi kupitia ncha ya Sumatra, visiwa vya Chagos, jirani na Ushelisheli, inaikata Pemba na kuingia bandarini Tanga. Ndani ya sanduku wanakuta korosho za kukaanga. Anayeeleza safari ya mkorosho bila kuangalia popote ndiye anayegawa.

Jambo moja lazima nilitaje kuhusu ramani zenyewe, maana wengi tunawanunulia watoto ramani ya ukutani bila kufikiri. Ile iliyozoeleka inafuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliowasaidia mabaharia kushika uelekeo. Kadiri unavyokaribia ncha za dunia, nchi zinavutwa na kuonekana kubwa. Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni mbili na kidogo. Afrika ni mara kumi na nne! Wape watoto karatasi nyepesi, wachore Greenland kutoka kwenye tufe, waikate, waipachike juu ya Afrika ya tufe hilo hilo. Mtoto wa Kiafrika ana haki ya kuliona bara lake kwa ukubwa wake wa kweli akiwa bado mdogo.

Kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuandika vidokezo vyake, anza na kitu kinachoshikika na umalizie mahali. Kidokezo kinachosema "taja nchi yenye piramidi" kinakufa papo hapo. Kile kinachosema "mfupa wangu ulibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, leo nimesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13" kitawaweka kwenye ramani saa nzima, mpaka wafike kilima cha Tendaguru na dinosaria waliochimbwa huko kati ya mwaka 1909 na 1913. Changanya umri katika kila kikundi. Wakubwa wasome, wadogo watafute, kwa sababu wadogo wana macho makali ya kuona maandishi madogo na hawaoni haya kuuliza.

Simu iwekwe pembeni. Najua upo msako wa kisasa wa kutumia satelaiti, ulioanza Oregon, Marekani, Mei 3, 2000, siku moja baada ya Marekani kuruhusu raia kupata vipimo sahihi vya satelaiti zake. Mtu alificha ndoo porini akatangaza mahali ilipo kwa namba, na sasa makopo ya namna hiyo yamefichwa nchi nyingi. Ni mchezo mzuri wa kutembea. Lakini simu ikikuambia hazina iko hapa, imekwishakufikiria sababu, na mimi sababu ndiyo naitaka kwa mtoto.

Na asiye na atlasi asijione amenyimwa mchezo. Shule nyingi za vijijini zina ramani moja iliyochanika, au hazina kabisa, lakini kiwanja kipo. Mwalimu mmoja mwenye jivu, kamba na kumbukumbu nzuri ya umbo la mabara anaweza kuchora dunia yenye mita kumi kwa upana, na watoto arobaini wakasimama juu yake kwa wakati mmoja. Kila kijiji kina mstari wake. Mbeya ina wake, Bukoba ina wake, Lamu na Bujumbura vivyo hivyo, na kila mstari unapita kwa watu wengine.

Vidokezo vya wikiendi hii, kwa watoto watakaosomewa makala haya:

Mimi ni mto. Naivuka Ikweta mara mbili, na miji mikuu miwili inatazamana kwenye kingo zangu. Kwa nini meli za baharini hazinipandi kufika huko?

Mimi ni nchi. Bendera yangu peke yake haina pembe nne kama za wenzangu, na mlima mrefu kuliko yote duniani uko mpakani kwangu. Jirani yangu wa upande wa pili wa mlima ni nani?

Mimi ni nchi nyingine. Stempu zangu haziandikwi jina langu, kwa kuwa nilitangulia kutoa stempu mwaka 1840 kabla ya wote. Utanitambuaje kwenye bahasha?

Mimi ni mnyama. Mwaka 1415 nilipelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme wa China, na watu wa huko walidhani mimi ni kiumbe wa baraka wa hadithi zao. Jina langu unalijua. Sasa chukua uzi, unioneshe kwenye ramani meli yangu ilipita bahari zipi, na ilingoja upepo gani kuondoka.